Mtutu wa akiba ndani ya kifurushi: nani anabeba mzigo?

Mtu aliyeagiza bunduki ya upepo miaka ishirini iliyopita aliagiza kitu kimoja: bunduki moja, mtutu mmoja, namba moja, kibali kimoja. Leo hali si hiyo. Viwanda vya Sweden, Uingereza, Jamhuri ya Czech na Uturuki vinauza bunduki ambazo mwenyewe anaweza kubadilisha mtutu mezani kwake, akatoka kaliba moja kwenda nyingine, kisha akarekebisha nguvu yake kwa bisibisi na ufunguo mdogo wa pembe sita. Mwili wa bunduki huingia nchini mara moja tu. Mitutu inaweza kufuata baadaye, mmoja mmoja, kwenye vifurushi.

Hapo ndipo habari hii inapowagusa wenye malori, mabasi ya mizigo na mawakala wa forodha, hata wale ambao hawajawahi kushika bunduki. Mtutu peke yake ni bomba la chuma lenye urefu wa kama nusu mita. Unaingia kwenye kasha la mwavuli, na machoni mwa utingo hauna tofauti na kipuri cha pikipiki. Machoni mwa sheria ya forodha ya Afrika Mashariki, bomba hilo limo katika sura moja ya ushuru na bunduki za kivita.

Uchambuzi huu unaeleza kwanza kitu chenyewe kinavyofanya kazi, kwa sababu bila kuelewa hilo mtu hawezi kuelewa kwa nini sheria za nchi mbalimbali zinakitazama kwa macho tofauti.

Upepo wa bar 250

Tairi la lori hujazwa upepo wa bar 8 hivi. Bunduki za upepo za kisasa tunazozizungumzia hujazwa hewa ya bar 200 hadi 250 katika mtungi mdogo uliofungwa kwenye bunduki yenyewe. Hewa hiyo haiendi moja kwa moja kwenye mtutu. Hupita kwanza kwenye regyuleta, kifaa cha aina ileile ya kazi na kile kinachokaa kwenye mtungi wa gesi jikoni, ambacho huipunguza hadi kiwango kisichobadilika, tuseme bar 120. Mpigaji anapovuta kifyatulio, nyundo ndogo inayosukumwa na springi hugonga vali. Vali hufunguka kwa muda mfupi mno, hewa hutoka, na kidonge cha madini ya risasi husukumwa nje ya mtutu. Hakuna baruti wala moto.

Bunduki hizi nyingi sasa hutengenezwa kwa muundo unaoitwa bulpapu. Katika bunduki ya kawaida, sehemu iliyo nyuma ya kifyatulio ni kitako kitupu cha kuegemeza begani. Katika bulpapu mitambo imerudishwa nyuma hadi kwenye kitako, kiasi kwamba magazini na chemba viko karibu na shavu la mpigaji, na kifyatulio kiko mbele yake kikiunganishwa kwa fimbo ndefu. Faida yake ni ufupi. Mtutu wa sentimita 60 unaweza kukaa kwenye bunduki isiyofika mita moja. Kwa mwindaji ni wepesi wa kubeba. Kwa msafirishaji ni sanduku fupi ambalo halifanani na sanduku la bunduki.

Kampuni ya FX Airguns ya Sweden iliingiza sokoni bulpapu yake iitwayo Impact mwaka 2016, na ndiyo iliyowazoesha wateja wengi wazo la bunduki moja yenye kaliba nyingi. Baadaye ilileta mitutu ya kuchomeka, ambapo ganda la nje hubaki na bomba jembamba la ndani ndilo linalobadilishwa. Wengine walifuata kwa njia zao. Bunduki za daraja la juu huuzwa Ulaya na Marekani kwa zaidi ya dola 1,500, na zile za Kituruki huanza chini ya nusu ya hapo. Kwa mnunuzi hesabu ni rahisi: halipii bunduki tatu, analipia moja na mitutu miwili ya ziada. Kwa muuzaji ni bora zaidi, maana mteja akishanunua mwili wa bunduki amefungwa kwenye vipuri vya kampuni hiyo kwa miaka. Ni biashara ileile ya printa na wino wake.

Kaliba ni kipenyo cha tundu la mtutu. Zinazotumika sana ni nne: milimita 4.5, 5.5, 6.35 na 7.62. Kutoka moja kwenda nyingine, mtu hubadilisha mtutu, pini inayosukuma kidonge ndani ya chemba, na magazini. Kazi yenyewe fundi mzoefu huimaliza kwa dakika chache. Kinachochukua siku nzima, na wakati mwingine wiki, ni kurekebisha.

Sababu ni hesabu ya darasani. Hewa husukuma kidonge kwa nguvu inayotegemea shinikizo na eneo la nyuma ya kidonge. Kutoka milimita 4.5 hadi 5.5 eneo hilo huongezeka kwa karibu asilimia 49. Kutoka 5.5 hadi 7.62 hukaribia kuwa mara mbili. Kwa hiyo regyuleta na springi zilizowekwa sawasawa kwa mtutu mmoja hazifai kwa mwingine. Fundi huongeza au kupunguza shinikizo la regyuleta, hukaza au kulegeza springi ya nyundo, hupiga vidonge kumi mbele ya kipima mwendo, huandika, kisha hurudia. Anachotafuta ni mwendo usiopandashuka kutoka kidonge hadi kidonge. Vidonge vya kawaida vyenye kiuno chembamba hupenda mwendo wa mita 270 hivi kwa sekunde. Vikikaribia mwendo wa sauti, ambao ni kama mita 340, huanza kuyumba na shabaha hupotea. Ukiona mtu anajisifu kwamba amefikisha mwendo mkubwa mno kwa vidonge vyepesi, fahamu kwamba anajisifia kelele.

Sasa tutazame tarakimu, kwani ndizo zinazopelekwa mahakamani. Kidonge cha milimita 4.5 chenye uzito wa gramu 0.547, kikitoka kwa mita 240 kwa sekunde, kina nishati ya karibu jouli 15.8. Kidonge cha milimita 5.5 chenye gramu 1.17, kwa mita 270, ni karibu jouli 43. Cha milimita 6.35 chenye gramu 1.65 kwa mwendo huohuo ni jouli 60. Cha milimita 7.62 chenye gramu 2.9 ni jouli 106. Risasi ndogo ya baruti ya kaliba .22, ile inayotumika kwenye bunduki nyepesi za kulengea shabaha, yenye gramu 2.6 na mwendo wa mita 330, hutoa kama jouli 141.

Maana yake ni kwamba mwili uleule wa bunduki, wenye namba ileile, unaweza kuwa kifaa cha kupigia makopo asubuhi na kufika robo tatu ya nguvu ya bunduki ya baruti jioni. Kilichobadilika ni bomba la chuma na mizunguko michache ya skrubu.

Kila nchi na mizani yake

Uingereza hupima nishati. Tangu kanuni za mwaka 1969, bunduki ya upepo yenye uwezo wa kuzidi futi-pauni 12, sawa na jouli 16.27, huhesabiwa kuwa silaha ya kuhitaji cheti cha polisi. Neno la kuzingatia hapo ni uwezo. Haisaidii kusema kwamba siku hiyo ilikuwa imelegezwa. Tena ikiwa mtu amerekebisha bunduki yake ikae chini kidogo ya kikomo kwa mtutu wa milimita 4.5, kisha akachomeka wa 5.5 bila kugusa skrubu hata moja, anaweza kuvuka mpaka huo kwa sababu ya eneo tulilolitaja juu. Adhabu ya kumiliki silaha bila cheti hicho inafika miaka mitano jela. Scotland ilikwenda mbali zaidi: tangu mwisho wa mwaka 2016 hata zile za chini ya kikomo zinahitaji leseni. Ujerumani kikomo ni jouli 7.5, na bunduki huchongwa alama ya herufi F ndani ya pembetano.

India hupima vyote viwili. Chini ya Kanuni za Silaha za mwaka 2016, bunduki ya upepo inahitaji leseni ikizidi jouli 20 au ikiwa kaliba yake inazidi milimita 4.5. Hapo mtutu wenyewe ndio unaoamua. Mfanyabiashara anayenunua Mumbai au Delhi bunduki isiyo na leseni, halafu akaongeza mtutu wa 5.5, ameshatoka kwenye kundi moja la sheria na kuingia jingine kabla hata hajafika bandarini.

China ndiyo inayopaswa kuwatia hofu watu wetu wa Guangzhou. Kule kipimo ni nishati kugawanywa kwa eneo la tundu la mtutu, na kikomo ni jouli 1.8 kwa sentimita mraba. Ukipiga hesabu kwa mtutu wa milimita 5.5, ambao eneo lake ni sentimita mraba 0.24 hivi, kikomo kinakuwa jouli 0.43. Bunduki yetu ya jouli 43 inazidi kikomo hicho mara mia moja. Mwezi Desemba 2016 mama mmoja wa miaka 51 katika mji wa Tianjin alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu na nusu. Kazi yake ilikuwa kuendesha kibanda cha mchezo wa kupiga maputo barabarani, na sita kati ya bunduki zake zilipopimwa zilionekana kuwa silaha kwa kipimo hicho. Kelele zilipigwa nchi nzima, na Januari 2017 mahakama ya rufaa ilibadilisha adhabu ikawa ya kutotumikiwa gerezani. Hatia yenyewe haikufutwa. Kama hayo yalimpata mwenye kibanda cha maputo, mgeni mwenye viza ya biashara asitarajie kusikilizwa kwa upole zaidi.

Marekani iko upande mwingine kabisa. Sheria ya shirikisho huita silaha ya moto ile inayotumia mlipuko, kwa hiyo bunduki ya upepo, hata ya milimita 7.62, katika majimbo mengi huuzwa kwa njia ya posta kama jiko au baiskeli. Ndiyo sababu mitutu hutumwa kutoka kule bila wasiwasi wowote, ikiandikwa kuwa vifaa vya michezo. Mtumaji hajavunja sheria ya kwake. Anayepokea ndiye mwenye kazi.

Huku kwetu

Wapo mawakala wanaopenda kusema kwamba bunduki ya upepo si silaha, na hoja yao si ya kupuuzwa. Itifaki ya Nairobi kuhusu silaha ndogo ndogo na silaha nyepesi, iliyotiwa saini Aprili 2004 na kuanza kutumika Mei 2006, inaeleza silaha ya moto kuwa ile inayorusha risasi kwa nguvu ya mlipuko. Upepo si mlipuko. Mtu anaweza kusimama hapo na kujiona ameshinda.

Tatizo ni kwamba afisa wa forodha mpakani hafunguzi mzigo kwa kutumia Itifaki ya Nairobi. Anatumia Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Jedwali la Pili la sheria hiyo, Sehemu B, linataja bidhaa ambazo uingizaji wake una masharti, na miongoni mwake ni silaha na risasi zilizotajwa katika Sura ya 93 ya orodha ya forodha. Halikutaja baruti wala mlipuko. Limetaja sura.

Ndani ya Sura ya 93, namba ya ushuru 93.04 ni ya silaha nyingine zisizotumia baruti, na imetaja kwa jina bunduki na bastola za springi, za hewa na za gesi. Namba 93.05 ni ya sehemu na vifaa vya silaha hizo. Mtutu wa kubadilisha unaangukia hapo. Namba 93.06 ni ya risasi, na ndani yake vidonge vya bunduki ya upepo vimetajwa waziwazi pamoja na risasi za shotigani. Kwa hiyo bunduki, mtutu na kopo la vidonge, vyote vitatu vimo kwenye orodha ya masharti hata vikisafiri kila kimoja peke yake.

Kuna wanaodhani kuvunja bunduki vipande vipande kunasaidia. Vipande vikija pamoja, Kanuni Kuu ya 2(a) ya kufafanua orodha ya forodha inasema bidhaa iliyofunguliwa huhesabiwa kama iliyokamilika. Vikija mbalimbali, kila kimoja ni sehemu ya silaha chini ya 93.05. Njia zote mbili zinarudi kwenye Sura ya 93.

Zaidi ya forodha, zipo sheria za silaha za kila nchi. Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na Bodi ya Leseni za Silaha. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na maombi hupitia Jeshi la Polisi. Kibali cha nchi moja hakivuki mto. Aliyeruhusiwa Nairobi hajaruhusiwa Arusha, na Jumuiya haina cheti kimoja cha silaha kama ilivyo na pasipoti moja.

Ikumbukwe pia kwamba soko halali la kaliba kubwa katika eneo letu ni dogo kuliko katalogi zinavyofanya ionekane. Mchezo wa Olimpiki wa bunduki ya upepo ya mita 10, ulioanza kwenye mashindano ya Los Angeles mwaka 1984, hutumia milimita 4.5 tu. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa burudani mwaka 1977. Basi mtu akisema anahitaji mtutu wa 7.62 kwa ajili ya mchezo, swali la afisa litakuwa mchezo gani.

Kontena la kuchangia

Kwa mchumi, swali la maana si kama mwenye mtutu atapata hasara. Huyo alichagua mwenyewe. Swali ni hasara inasambaa hadi kwa nani.

Tuchukue mfano, na huu ni mfano tu. Wafanyabiashara ishirini wa Kampala wamechangia kontena moja kutoka ng'ambo: vitambaa, vioo vya simu, vipuri vya bodaboda, vyombo vya plastiki. Mmoja ameweka sanduku lililoandikwa vifaa vya michezo, na ndani yake kuna mitutu miwili na makopo manane ya vidonge. Kwa utaratibu wa Himaya Moja ya Forodha, tamko hufanywa Kampala wakati mzigo ungali Mombasa, na lori huondoka bandarini kila kitu kikiwa kimelipiwa. Skana ya Malaba inaonyesha mabomba mawili ndani ya sanduku la mipira. Kontena linawekwa pembeni.

Kuanzia hapo saa ya hasara inahesabu kwa watu wote. Kumi na tisa wana bidhaa zisizo na kosa lakini ziko nyuma ya mlango uliofungwa. Mwenye lori ana gari lililosimama, dereva wa kulipwa posho, na mwenye kontena anayedai siku zake. Wakala aliyesaini tamko anaulizwa alijua nini. Kifungu cha 203 cha sheria ileile kinahusu matamko ya uongo, na adhabu yake ni kifungo kisichozidi miaka mitatu au faini isiyozidi dola 10,000. Kifungu cha 200 kinamhusu anayeingiza bidhaa zenye masharti kinyume cha masharti hayo, na pia anayekutwa nazo ilhali alijua au alipaswa kujua: hadi miaka mitano, au faini ya asilimia 50 ya thamani ya mzigo, au vyote viwili. Maneno "alipaswa kujua" yameandikwa kwa ajili ya watu wanaopenda kusema hawakufungua sanduku.

Halafu kuna kifungu cha 211, ambacho kwa maoni yangu kila mwenye lori angekibandika ukutani. Kinasema gari lililotumika kubeba bidhaa zinazostahili kutaifishwa, nalo pia linaweza kutaifishwa. Weka pamoja bei ya kichwa cha lori na trela upande mmoja, na nauli ya sanduku moja la kilo sita upande wa pili. Hakuna bima ninayoifahamu katika biashara yetu inayouzwa kwa ajili ya pengo hilo.

Ndiyo maana nasema bei ya kubeba kifurushi kisichojulikana imekadiriwa vibaya. Mabasi ya usiku yanatoza kwa uzito na ukubwa, ilhali hatari haina uhusiano na uzito wala ukubwa. Mtutu una gramu mia chache. Msafirishaji anayetoza vifurushi kwa kilo anawapa wenye mizigo ya hatari punguzo ambalo linalipwa na wateja wake waaminifu.

Mitungi

Jambo moja lisilozungumzwa vya kutosha ni hewa yenyewe. Mwenye bunduki hizi anahitaji mtungi mkubwa wa kujazia, wa bar 300, au kompresa. Mtungi uliojazwa hewa ni bidhaa ya hatari katika usafirishaji: namba yake ya Umoja wa Mataifa ni UN 1002, daraja 2.2. Mashirika mengi ya ndege hutaka uwe mtupu. Barabarani unatakiwa ufungwe usibingirike na vali yake ikingwe, kwa sababu mtungi uliovunjika vali huruka kwa nguvu ya kuwaua walio karibu. Atazame pia tarehe ya majaribio iliyochongwa shingoni. Mtungi wa kaboni wa mkono wa pili kutoka Dubai ambao muda wake umekwisha ni wa bei nafuu kwa sababu hiyohiyo.

Hata hivyo, hapa ndipo ilipo biashara safi. Kompresa, mitungi mitupu, mipira ya oringi, springi za kawaida na skrubu haviko Sura ya 93. Maelezo ya sura hiyo yenyewe yanaondoa vipuri vya matumizi ya jumla. Darubini za kulengea nazo zimo Sura ya 90 zikija peke yake, ila zikiwa zimefungwa kwenye bunduki au zimeletwa pamoja na bunduki yake zinafuata bunduki. Na katika miji ya pwani kama Mombasa, Tanga na Dar es Salaam, hewa ina unyevu mwingi. Kompresa isiyo na kichujio cha maji hujaza maji ndani ya mtungi, na kutu hula chuma kutoka ndani. Wapiga mbizi wanalijua hilo siku nyingi. Vichujio hivyo vinahitajika na wapiga mbizi, na watu wa zimamoto wenye mitungi ya kupumulia pia, na havimlazimu mtu kuomba kibali cha silaha.

Kwa anayetaka kuagiza bunduki zenyewe kihalali, kazi inaanza kabla ya kulipa kiwandani. Aandike kwenye maombi mwili wa bunduki, namba yake, na kila mtutu kwa kaliba yake, pamoja na nishati iliyopimwa kwa kila mtutu. Wauzaji wazuri hutoa karatasi ya vipimo wakiulizwa. Namba ya bunduki kwa kawaida huchongwa kwenye mwili, na mtutu wa akiba unaweza kuja bila namba yoyote, kwa hiyo karatasi ndiyo kitambulisho chake pekee. Mzigo unaopita tu kwenda nchi nyingine una kifungu chake, cha 19, lakini sheria za silaha za nchi inayopitiwa hazilali kwa sababu lori lina mhuri wa transiti, na mwenye mzigo apate ruhusa ya pande zote mbili kabla gari halijaondoka. Kibali kinachosema "bunduki moja ya upepo, kaliba 5.5" hakimtaji mtutu wa 7.62, na afisa wa zamu pale Namanga hana mamlaka ya kukiongezea mstari.